Unaikimbia E flati? Kopo litakukamata!

MSOMAJI wangu, kama unapiga gita, kinanda au chombo chochote kile, hebu jibu swali hili kabla hujakimbilia ukurasa wa michezo: jana ulifanya mazoezi kwenye kii gani? Na juzi je? Na wiki iliyopita?

Ngoja nibashiri. Kama wewe ni wa gita, ulikuwa G, ukatembea kidogo hadi D, ukapita C kusalimia, kisha huyoo, ukarudi zako G. Kama wewe ni wa kinanda, ulikuwa C kuanzia Jumatatu hadi Jumapili, vidole vimetulia kwenye vile vyeupe kama bwana harusi kwenye kochi. Vile vyeusi unavigusa kwa bahati mbaya tu, kama mtu aliyemkanyaga mwenzake kwenye daladala: "Samahani, anti!"

Sikulaumu. Binadamu ndivyo tulivyo. Ukiachiwa uchague mwenyewe, utachagua mteremko. Kasheshe ni kwamba kazini hakuna anayekuuliza unapenda kii gani. Mwimbaji akifika, yeye ndiye anayesema, na wewe kazi yako ni kufuata.

Leo nakuletea dawa ya ugonjwa huo. Haiuzwi duka la dawa. Inahitaji kopo tupu la maziwa ya unga, mkasi na ukurasa mmoja wa daftari. Basi.

KII NI KITU GANI?

Kwanza tuwasubiri kidogo wale wenzetu ambao kwenye muziki wao ni wa kucheza tu. Sauti zote unazozisikia kwenye gita au kinanda ni 12, zikiisha zinaanza upya juu zaidi. Kii ni ile sauti moja ambayo wimbo umeifanya kuwa nyumbani kwake. Wimbo unaondoka, unazurura mitaani, lakini ukifika mwisho unarudi pale, na wewe msikilizaji unahisi "ee, sasa tumefika."

Kwa kuwa sauti ni 12, na nyumba ni 12. Wimbo uleule unaweza kuupangisha nyumba yoyote. Ni kama kuhama kutoka Sinza kwenda Temeke na vyombo vyako vilevile: kitanda ni kilekile, kabati ni lilelile, lakini usiku wa kwanza ukiamka kutafuta swichi unapapasa ukuta.

Wanakwaya hili haliwapi tabu sana. Wengi wao wanasoma nota za do, re, mi, ambazo Mwingereza John Curwen alizieneza tangu miaka ya 1840, na wamisionari wakazibeba hadi huku kwetu. Kule juu ya karatasi ya wimbo imeandikwa tu kwamba Do ni G, au Do ni F. Mwalimu akitaka kuushusha wimbo kwa sababu sauti ya kwanza wanapiga kelele, anaihamisha Do, kwisha. Mwimbaji bado anaimba do, re, mi zilezile.

Anayepata tabu ni yule mwenye chombo. Yeye Do ikihama, vidole vyake vyote vinahama mtaa.

RAHA YAKO, JELA YA MWENZAKO

Kila chombo kina nyumba zake za raha. Gita la kawaida nyuzi zake zikiachwa wazi zinalia E, A, D, G, B na E nyingine juu. Ndiyo maana wapiga gita wanapenda E, A, D na G. Huko nyuzi wazi zinakusaidia, kidole kimoja kinapumzika na sauti inaendelea kulia yenyewe. Sasa njoo E flati. Kwenye kii hiyo, kati ya nyuzi zile ni D na G tu zinazoruhusiwa kulia wazi. Nyingine zote lazima uzikabe, na ukisahau kuukaba mmoja umeharibu.

Kwenye kinanda, C haina hata kimoja cheusi. D flati inavitaka vyote vitano. Mtu aliyezoea C ukimpeleka D flati ni kama umemvalisha viatu vya kuchuchumia na kumwambia apande ngazi za Kariakoo.

Lakini kasheshe yenyewe hasa iko kwenye bendi zenye vyombo vya kupuliza. Bendi zetu za dansi, kina Msondo Ngoma, iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, na Mlimani Park ya mwaka 1978, zimejengwa juu ya magita na matarumbeta. Sasa tarumbeta ya kawaida ni ya B flati. Mpulizaji akipiga ile anayoiita C, sisi tunasikia B flati. Kwa hiyo mpiga solo akisema kwa raha zake "jamani, tupige E", mwenye tarumbeta anatakiwa apulize kwenye F shapu, yenye shapu sita. Mwenye saksafoni ya alto, ambayo ni ya E flati, ndiye kabisaa: yeye anaangukia C shapu, shapu saba, yaani noti zote za skeli zina shapu.

Umeona? Kii ambayo kwako ni kitanda, kwa mwenzako ni msumari. Yeye anaomba B flati au E flati, na wewe huko hujawahi hata kupita. Mwisho wake ni mabishano kabla ya shoo, na anayeshinda si mwenye haki bali mwenye sauti kubwa.

MWIMBAJI ALIPOKUWA NA MAFUA

Nilishuhudia usaili wa bendi moja ya hotelini hapa mjini. Siitaji, haikukosea kitu. Walitaka mpiga gita mmoja, na waliokuja walikuwa wanne. Kijana wa kwanza alikuwa moto. Vidole vinakimbia, gita linalia, mpaka wahudumu waliokuwa wanapanga viti wakasimama kumtazama. Mimi mwenyewe nikasema moyoni, kazi imepata mwenyewe.

Kisha akapanda mwimbaji wao, dada mmoja ambaye siku hiyo alikuwa na mafua. Akamwambia kwa upole, "Kaka, huo wimbo ni E, lakini leo siufikii. Teremsha nusu."

Kuteremsha nusu kutoka E ni E flati. Yule kijana akatabasamu, akapiga kodi ya kwanza, akaipata. Ya pili akaikosa. Akasimama, akaanza kulegeza nyuzi, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nyuzi ni sita, na kila ukilegeza mmoja lazima uurekebishe mpaka ukae sawa. Dada akaangalia saa. Kiongozi wa bendi akaangalia dari.

Aliyefuata hakuwa na mbwembwe. Alipiga kodi za kawaida kabisa. Lakini alipoambiwa E flati alijibu "sawa, dada" na kuanza. Mafua yakaimba, gita likafuata, kazi ikaenda kwake. Mshahara wa kila mwezi, chakula cha usiku na nauli ya kurudi nyumbani vilikwenda kwa mtu aliyekuwa amepita mtaa ambao mwenzake hajaupita.

Kama yaliyomkuta yule kijana wa kwanza yamekukuta na wewe, usitupe gita. Katikati ya miaka ya 1930 huko Kansas City, Marekani, kijana mmoja wa saksafoni alipanda jukwaani kupiga na wakubwa, akapotea njia. Mpiga ngoma Jo Jones akaitupa sahani ya ngoma sakafuni, paa! kumaanisha shuka. Kijana huyo alikuwa Charlie Parker. Masimulizi ya maisha yake yanasema alikwenda kujifungia na kujifunza kupiga kwenye kii zote 12, na mwenyewe kwenye mahojiano ya redio mwaka 1954 alisema kwa miaka mitatu, minne hivi alikuwa anafanya mazoezi saa 11 hadi 15 kwa siku. Aliporudi, hakuna aliyemshusha tena.

Wewe saa 15 huna, una kazi na foleni ya Mbagala. Ndiyo maana tunahitaji ujanja.

"SI KUNA KITUFE?"

Nawasikia watu wa vinanda mnacheka. "Sisi tuna kitufe cha kuhamisha kii. Tunapiga C yetu, mashine inatoa E flati." Kweli kabisa, na wala hamkuanza nyie. Irving Berlin, yule mtunzi mkubwa wa Marekani aliyetunga "White Christmas", alizoea kupiga kwenye F shapu, kwenye vile vyeusi. Alikuwa na piano ya pekee yenye wenzo. Akiuvuta, kibodi yote inasogea na kii inabadilika huku vidole vyake viko palepale. Piano yake moja imehifadhiwa kwenye makumbusho ya Smithsonian.

Kwa hiyo kitufe si dhambi. Ila Berlin alikuwa mtunzi mwenye pesa zake, piano yake ilimsubiri ofisini. Wewe leo unapigia kinanda cha kanisani, kesho cha kukodi harusini, keshokutwa unakuta piano ya mbao isiyo na kitufe wala waya. Na mama wa pambio akinogewa, akapandisha wimbo katikati bila kumwambia mtu, utapiga saa ngapi na kubonyeza saa ngapi?

KWA NINI ZAMU HAITOSHI

Dawa ya kwanza inayomjia mtu akilini ni zamu. Leo C, kesho D flati, keshokutwa D, hivyo hivyo mpaka 12 ziishe. Si mbaya. Ila ina kasoro mbili. Moja, unampa chakula sawa aliyeshiba na mwenye njaa. C unaijua hata usingizini, ya nini kuipa siku sawa na D flati? Pili, mwili unazoea foleni. Unajua kesho ni nini, vidole vinajiandaa, wakati kazini hakuna anayekupa taarifa ya siku moja kabla.

Dawa ya pili ni bahati tupu. Unaandika vikaratasi 12, kila kii kimoja, unatikisa, unachota kimoja, unapiga, unakirudisha. Hapo mshtuko upo. Lakini bahati tupu haina huruma wala akili. Nimepiga hesabu: ukichota mara 12 kwa mtindo huo, kila kii ina asilimia kama 35 ya kutotokea hata mara moja. Ili uzione zote 12, kwa wastani utachota kama mara 37. Na katika hizo 37, C na G zako ulizozizoea zinakuja sawasawa na zile unazozihitaji.

KOPO LENYE UPENDELEO

Hapa ndipo ujanja wenyewe ulipo. Unaijua bahati nasibu. Mwenye tiketi moja ana nafasi moja. Jirani yake aliyenunua tiketi tano ana nafasi tano. Wote wanategemea bahati, lakini mmoja amelilalia kopo upande wake.

Fanya hivyo hivyo na kii zako. Ile unayoiogopa, ipe tiketi nyingi. Ile unayoijua, ipe moja. Mfano wa mpiga gita wa kawaida ni huu:

C, G, D, A na E: kikaratasi kimoja kimoja. Jumla 5.
F na B: viwili viwili. Jumla 4.
B flati: vitatu.
E flati na A flati: vinne vinne. Jumla 8.
D flati na F shapu: vitano vitano. Jumla 10.

Jumlisha vyote unapata 30. Sasa angalia. Zile nne ngumu, yaani E flati, A flati, D flati na F shapu, zina vikaratasi 18 kati ya 30. Ni asilimia 60. Kwenye kopo la bahati tupu zingekuwa na asilimia 33 tu. D flati peke yake imetoka nafasi moja kati ya 12 na kuwa moja kati ya sita. C yako uipendayo imebaki na moja kati ya 30, lakini haikufukuzwa. Lazima ibaki na kimoja, maana hata nyumba ya kwenu usipoitembelea, buibui watahamia.

Mtu wa kinanda au tarumbeta asinakili orodha hii. Kila mtu na hofu zake. Kaa chini, piga skeli moja moja, na uwe mkweli. Hakuna anayekuona.

NAMNA YA KUFANYA

Kila jioni chota mara nne. Kila ukichota, kaa kwenye kii hiyo dakika 10, kisha kirudishe kikaratasi, tikisa, chota tena. Dakika 40 zimekwisha, hata chai haijapoa sana.

Ndani ya dakika 10 fanya mambo matatu. Kwanza, skeli, kupanda na kushuka, polepole. Pili, kodi tatu za kazi: ya kwanza, ya nne na ya tano. Ukichota E flati ni E flati, A flati na B flati. Ukichota D flati ni D flati, G flati na A flati. Tatu, wimbo mmoja unaoujua vizuri, uuhamishie hapo. Chagua mmoja tu na uutumie kwenye kii zote, ndipo utaona wapi vidole vinapapasa.

Halafu, na hili ndilo linalofanya kopo liwe na akili, toa maksi. Ukiupiga ule wimbo mara tatu mfululizo bila kusimama, toa kikaratasi kimoja cha kii hiyo, kiweke pembeni. Ukikwama, ongeza kimoja. Ukiwa katikati, acha kama ilivyo. Kuna mipaka miwili tu: kii yoyote isishuke chini ya kimoja, wala isizidi sita. Ukiruhusu izidi, kii moja itameza kopo zima na utaichukia maisha yako yote.

Kama hujiamini kujipa maksi, rekodi kwa simu na usikilize kesho yake asubuhi. Simu haijui undugu.

Kwa mtindo huu kopo linakufuata. Mwezi huu linakubana D flati. Ukiizoea, vikaratasi vyake vinapungua, na bila wewe kupanga chochote linahamia kukubana kwingine. Siku ukilifungua ukakuta limebaki na vikaratasi 12, kila kii kimoja, ujue hakuna tena kii unayoiogopa kuliko nyingine. Hapo wimbo uliouzoea umefuzu. Weka mgumu zaidi, uanze upya.

BAHATI NASIBU AU UPATU?

Kuna wasiopenda kurudisha kikaratasi. Kwao nasema sawa, huo ni mtindo wa upatu. Akina mama wakipiga kura ya nani apokee kwanza, aliyekwisha kupokea hachoti tena mpaka mzunguko uishe. Ukifanya hivyo na kopo lako la vikaratasi 30, D flati utaipata mara tano kamili kabla kopo halijaisha, si pungufu si zaidi, na C utaipata mara moja. Hakuna kii itakayodhulumiwa.

Uzuri wake ni uhakika. Ubaya wake ni kwamba mwishoni kopo likibakiwa na vitatu, mjanja anavijua. Na vikaratasi vya kuongeza au kupunguza inabidi usubiri mzunguko uishe. Mimi natumia bahati nasibu, narudisha. Mwenye mwezi mmoja tu kabla ya usaili atumie upatu.

"KOPO LIMEROGWA!"

Ukianza, wiki ya kwanza utanilaani. Utachota F shapu mara tatu mfululizo, na utasema kuna mkono wa mtu. Hakuna. Bahati ndivyo ilivyo, inakuja kwa mafungu. Tarehe 18 Agosti 1913, kwenye kasino ya Monte Carlo, mpira wa ruleti uliangukia cheusi mara 26 mfululizo. Wacheza kamari walimwaga mapesa kwenye chekundu wakisema "sasa lazima kije", wakaliwa kufa mtu. Mpira hauna kumbukumbu, na kopo lako halina pia.

Kwa hiyo usichungulie, usikichague chenye kona iliyokunjwa, na usirudishe kwa sababu "hii nimeipiga sasa hivi". Kazi ya kopo ni kukunyima nafasi ya kukwepa. Siku utakapoanza kuliongoza kwa vidole, umerudi kuchagua G.

WATAALAMU WANASEMAJE?

Suala la kuchanganya mazoezi lina utafiti wake. Mwaka 1979 Wamarekani wawili, John Shea na Robyn Morgan, walitangaza jaribio la wanafunzi waliojifunza mizunguko mitatu ya mkono ya kuangusha vibao vidogo vya mbao kwa kasi. Kundi moja lilimaliza mzunguko wa kwanza wote, kisha wa pili, kisha wa tatu. Kundi jingine lilichanganyiwa, halijui utakaofuata.

Wakati wa mazoezi, kundi la kwanza lilikuwa kali zaidi. Lakini walipopimwa tena baadaye, hata baada ya siku 10, waliochanganyiwa ndio waliokumbuka vizuri. Kuanza upya kila mara kulikuwa kunawachosha, na kuchoka kule ndiko kulikokuwa kunawafundisha.

Tusidanganyane, vibao si gita. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba faida hiyo si sawa kwa kila mtu na kila kazi, na anayeanza kabisa mara nyingi anahitaji kukaa sehemu moja kwanza. Lakini somo lake kwa mpigaji ni zito: usiupime ujuzi wako kwa jinsi unavyojisikia ukiwa mazoezini. Unaweza ukajiona mkali chumbani kwa sababu umekaa G saa nzima, kumbe mkali ni mazoea.

NAJUA UTANIULIZA

Nimeanza gita mwezi uliopita, kopo linanifaa? Bado. Jifunze kwanza kii mbili tatu mpaka vidole viache kuuma. Kisha anza kopo dogo la kii tano, uwe unaongeza moja kila baada ya wiki mbili.

Je, zile za huzuni, za mainari? Nazo ni 12, jumla kii zote ni 24. Bach mwaka 1722 alikusanya kitabu cha vipande vya kinanda kilichopita kwenye zote 24, na baadaye akaandika cha pili cha namna hiyo hiyo. Usizichanganye na hizi siku ya kwanza. Maliza meja, kisha weka kopo la pili.

Simu haiwezi kufanya kazi hii? Inaweza, programu zipo, hata orodha ya namba 30 inatosha. Ila ukishika simu kuchota kii, utaona ujumbe, utajibu, utacheka, na saa imepita. Kopo halina ujumbe.

Na mimi ninayeimba tu? Dada, wewe ndiye bosi wa haya yote. Mwanamke mara nyingi hujikuta anaupandisha au kuushusha wimbo wa mwanaume hadi noti ya nne au ya tano ya skeli, mfano kutoka C kwenda F au G. Ijue kii yako kwa kila wimbo, iandike daftarini, na umtajie mpigaji kabla ya kupanda jukwaani. Ukimwambia tu "mi naanza, we nifuate", ukimkuta hana kopo, mtaabika wote wawili.

Haya, maneno yamekwisha. Leo jioni kata vikaratasi 30, andika kwa kalamu isiyoonekana upande wa pili, ukunje vyote kwa saizi moja. Tikisa, fumba macho, chota. Ukitoa C mara ya kwanza usishangilie sana. Ipige, irudishe, tikisa tena. Humo ndani bado kuna D flati tano.